Msiba wa Mkutano wa Mtaa

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tatu mwaka jana, kabla ya adhuhuri, nilifiwa na mke wangu.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mimi ni fundi cherehani, niliishia darasa la saba, na kibaraza changu kiko Kariakoo, upande wa kuteremkia Jangwani. Alipostaafu hakukaa nyumbani. Kila Jumamosi alikusanya vijana wa sekondari katika chumba cha nyuma cha ofisi ya serikali ya mtaa, akawafundisha mtaa unavyoendeshwa: mwenyekiti anachaguliwa na nani, mtendaji anaajiriwa na nani, mtu akidhulumiwa aanzie wapi. Walijifunza kwa kuigiza. Mmoja anakuwa mwenyekiti, mwingine mama lishe aliyefukuzwa barabarani, na mtazamaji akiona mambo yanakwenda vibaya anaruhusiwa kuingia katikati ayabadilishe.

Mimi niliwashonea mavazi tu. Sikuwahi kutazama igizo hata moja mpaka mwisho. Nilimwambia nina kazi. Kazi ilikuwepo kweli, lakini moyoni niliona ni michezo ya watoto.

Baada ya arobaini alikuja msichana wa kidato cha tatu, yule ambaye mke wangu alikuwa akisema sauti yake inafika Magomeni bila kipaza sauti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Tunaendelea au ndiyo basi?"

Nilikuwa nashona pindo la suruali. Nikamwambia sijui lolote, mwalimu alikuwa bibi yao. Akasema, "Tunajua hujui, babu. Wewe uwepo tu. Bila mtu mzima hatupewi ufunguo."

Nikaenda. Jumamosi ya kwanza nilijaribu kufundisha kwa daftari la mke wangu. Nikawaambia serikali inaanzia kwa mjumbe wa nyumba kumi. Darasa zima likacheka.

"Babu, hapo umechemka! Mjumbe ni wa chama. Serikali inaanzia mtaani."

Miaka yote nimekuwa nikipeleka kesi zangu kwa mjumbe. Nilikaa kitini, wakanifundisha wao.

Mwezi haukuisha tukaambiwa chumba kinatakiwa. Mfanyabiashara wa mabegi alitaka kukifanya stoo. Kariakoo hakuna upenyo usiotamaniwa, naye mwenyekiti hakuwa mtu mbaya: paa la ofisi lilikuwa linavuja, choo kilikuwa kimeziba, na mfanyabiashara aliahidi kutengeneza vyote. Lakini vijana hawakuwa na pengine pa kwenda. Msichana yule akasema chumba ni mali ya mtaa, na jambo kama hilo liamuliwe na mkutano wa wakazi. Mkutano wenyewe hatukukumbuka mara ya mwisho ulikaa lini.

Ndipo wakabuni igizo lao. Mkutano umekufa, kwa hiyo tuuwekee msiba. Turubai barabarani, mikeka, na katikati kiti kitupu na daftari la mahudhurio lisilo na jina hata moja. Wapita njia wangesimama, wangeuliza, wangejibiwa.

Sikulipenda. Sauti ya turubai likifungwa kamba bado ilikuwa masikioni mwangu. Lakini waliniangalia kwa namna ambayo sikuweza kukataa.

Nikaenda kwa mzee anayetunza turubai la mtaa. Aliponiona tu akanishika mkono. "Pole tena, fundi. Mungu akupe subira." Akaingia ndani kulitoa. Ningepaswa kusema pale pale. Nilishikwa na haya, na pole yake ilinigusa, nikanyamaza. Kosa hilo ni langu, si la watoto.

Siku ya igizo, kufika saa tatu asubuhi, habari ilikuwa imezagaa kwamba fundi kafiwa tena. Mzee wa Kihindi muuza vitambaa, jirani yangu wa miaka mingi, aliteremsha nusu ya mlango wa duka kwa heshima, akaja na kukaa. Kina mama walikuja na kanga vichwani, wengine na masufuria. Vijana walidhani watazamaji wamejaa. Bibi mmoja muuza maandazi aliketi karibu yangu, analia machozi ya kweli.

"Fundi, juzi mkeo. Leo nani tena?"

Msichana akasimama kama walivyofanya mazoezi. "Bibi, marehemu ni mkutano wa mtaa."

"Mkutano wa nani?"

"Wa wakazi, bibi. Ule wetu sote."

Bibi akanigeukia. "Fundi! Kwa turubai lile lile la mkeo?"

Nikasema, "Ndiyo, bibi. Niliacha mkaamini ni msiba. Nisameheni."

Alifuta uso kwa ncha ya kanga, taratibu. "Machozi nimeshayatoa, hayarudi. Haya, huyo marehemu aliugua nini?"

Mtu mmoja akacheka nyuma, kisha wengi. Wakati huo huo mwenyekiti akatokea, kofia kichwani, kwa sababu mwenyekiti hakosi msiba wa mtaani kwake. Alivua viatu, akakaa mkekani, akanyanyua mikono kuomba dua.

"Omba vizuri, mwenyekiti," bibi akamwambia. "Huyu marehemu ni wako."

Alipoelewa, uso ulimbadilika. "Watoto mmenivunjia heshima."

"Shikamoo mzee," msichana akasema.

"Marahaba," akajibu, kwa kuwa lazima ajibu.

"Tunaomba utuambie. Tuzike, au tusubiri?"

Akatazama mikeka iliyojaa watu. Nadhani hata yeye hakuwa amewaona pamoja namna ile kwa muda mrefu. "Msizike," alisema. "Jumapili ijayo, saa nne."

Tangazo la mkutano lilibandikwa mlangoni mwa ofisi kesho yake. Jumapili vijana walikaa ukutani nje, maana hawajatimiza miaka ya kupiga kura. Nilisimama nikasema maneno machache: kwamba mke wangu alifundisha mle, na kwamba mimi nimefundishwa mle. Kisha mikono ikanyooshwa. Tulishindwa. Hata bibi wa maandazi alimnyooshea mfanyabiashara mkono. Aliniambia baadaye bila kuficha, "Wewe una choo chako, fundi. Mimi nashinda hapo kutwa." Mzee wa vitambaa ndiye aliyependekeza apewe chumba kwa miezi sita tu, kisha mkutano ukae tena uamue upya. Hilo lilipita.

Msichana hakulia. Alimfuata mtendaji, akaomba nakala ya muhtasari. Akaambiwa aje Jumatatu.

Jumatatu alipotoka shule nilifuatana naye. Aliusoma amesimama mlangoni, kidole kikifuata mistari, mimi nikisubiri. Akarudi mezani.

"Shikamoo. Miezi sita haimo."

Mtendaji akasoma. Akasoma tena. Akachukua kalamu, akaandika "kwa miezi sita" juu ya mstari, akatia sahihi pembeni, akapiga muhuri.