Niliwaonyesha Kambale Mwingine

Admin, ficha jina na picha, Butembo ni ndogo. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, nina mume na watoto wanne, na Jumapili huwa naimba kwaya. Kwa hiyo ninyi mtakaoniandikia "mama, sali tu," jueni nimesali mpaka nimechoka.

Wakati wa vita nilikuwa na miaka kumi na saba, tukiishi Kalunguta. Kaka yangu alikuwa akiwapelekea wapiganaji wa msituni chumvi na betri. Asubuhi moja tunaanika kahawa, askari wakaingia uani. Mkubwa wao akaniuliza, "Kambale eko wapi? Ule anapelekaka bintu ku batu ba mu pori?"

Kwetu Wanande mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa, na mvulana wa pili huwa Kambale karibu kila nyumba. Kambale wetu alikuwa ndani, chini ya kitanda. Mama akanifinya mkono, akaninong'oneza kwa Kinande nitaje wa jirani. Nikanyoosha kidole. "Ni ule kule, anatengeneza paa."

Yule alikuwa seremala mpole, ameoa mwaka uleule. Walimshusha, wakaondoka naye, na hakurudi. Kaka yangu naye kipindupindu kilimchukua kabla mwezi haujaisha. Hata faida ya dhambi yangu sikuipata!

Mjane wa seremala, nimwite Masika, aliamini aliyemuuza mumewe ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, maana ndugu hao wawili walikuwa wakigombania shamba. Ukoo wote ukakubali. Shemeji akafukuzwa, akaenda kuishi Beni peke yake. Masika akahamia Butembo, tukawa marafiki. Ndiye mama wa ubatizo wa binti yangu. Ndiyo, nitukaneni.

Kila nilipotaka kusema ukweli, mama yangu, ambaye bado yuko hai, alinikatiza: "Ukisema, utazika miye mbele. Na bwana yako atakufukuza." Najiambia ilikuwa vita, ilikuwa mama, ilikuwa bahati mbaya. Lakini aliyenyoosha kidole ni mimi, na nimeishi na hilo miaka yote hii.

Wiki iliyopita shemeji alituma ujumbe kutoka Beni kwamba anakufa, anaomba Masika aende amsikilize mara moja tu. Masika akaja kwangu, akakaa jikoni akilia.

"Dada, weye unaona je? Niende ao niache?"

Tulikuwa wawili tu. Mama hakuwapo, askari hawakuwapo. Ningeweza kusema yote pale pale. Nikamjibu, "Acha, Masika. Ule mutu aliuzaka bwana yako."

Shemeji alikufa Alhamisi, hakuna hata ndugu mmoja aliyekuwa pembeni yake. Jana Masika amekuja na mboga ya sombe ya kunishukuru, anasema sasa moyo wake umetulia. Ninyi mnaosoma, kama kuna kitu ninachoweza bado kufanya, niambieni, maana mimi sikioni.