Kitambaa Kwenye Maporomoko ya Tatu

Shemeji yangu tulimwita Ngazi, na jina hilo hakupewa bure. Vidato vyote vinavyopanda kando ya mto, kutoka geti la chini hadi maporomoko ya tatu, alivichimba yeye kwa jembe na sururu miaka kumi na minane iliyopita. Vidato mia nne sitini na viwili. Alivitaja kama mtu anavyotaja watoto wake, na kwa kuwa yeye na dada yangu hawakujaliwa mtoto, tulimwachia avitaje.

Nimweleze vizuri kabla sijafika pale nilipomharibu. Ni mrefu, mkavu, magoti yake yanalia kama mlango wa zamani. Asubuhi alifika ofisini kabla yetu sote, akafagia, akapanga ukutani fimbo za wageni kwa urefu, akakagua viatu vya kuazima kimoja kimoja kwa kuingiza mkono ndani, maana siku moja chura alilala humo na mgeni mmoja alipiga kelele hadi ng'ambo ya mto. Akiongoza, mdomo haukupumzika. "Jiwe kushoto. Tawi, inamisheni vichwa. Hapa pana utelezi, tembeeni kama mnaiba." Wageni walimpenda. Mimi niliongoza kwenye mto huo huo, na kofia ile ile ya ofisi, na hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza naitwa nani. Sisemi hivyo nihurumiwe. Nasema mjue kwamba nilikuwa na wivu, tena wivu uliokomaa.

Mwaka huo meneja wetu, mama mwenye sauti ndogo na kalamu nyekundu, alitangaza kwamba atateua kiongozi wa waongozaji wote. Kabla ya kuteua angepanda njia na kila mmoja wetu, pamoja na wageni, ajionee mwenyewe. Hata paka wa jikoni alijua kwamba nafasi ni ya Ngazi.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa nyuma ya msafara wake, nikiwasukuma wageni wanaosuasua. Kati ya maporomoko ya kwanza na ya pili palikuwa na mzizi mnene uliokatiza njia. Ulikuwa umeangusha watu wengi, na wiki tatu nyuma, Ngazi aliposafiri siku mbili kwa kile alichokiita udhuru wa kifamilia, mimi na mwenzangu tuliukata kwa msumeno, tukasawazisha udongo. Hatukumwambia. Kwa nini tumwambie? Mwenye macho haambiwi tazama.

Alipofika pale alipaza sauti: "Mzizi huu mkubwa, inueni miguu!" Akainua wake juu, kwa uangalifu kabisa, na wageni saba nyuma yake wakainua ya kwao, mmoja baada ya mwingine, wakavuka hewa.

Nilicheka kwanza. Kisha nikaacha. Nikakumbuka kwamba kwa mwaka mzima kitabu cha wageni nilikuwa namsomea mimi. "Shemeji, nisomee hapo, miwani nimesahau nyumbani." Miwani hiyo iliyosahauliwa kila siku haijawahi kununuliwa. Nikakumbuka namna anavyotikisa midomo akipanda, tukidhani anasali, kumbe alikuwa anahesabu.

Jioni nilipita kwao. Dada alikuwa anapiga pasi mezani.

"Dada, mumeo haoni."

Aliweka pasi chini bila kuizima. "Nani kakwambia?"

"Macho yangu. Mimi bado ninayo."

Akaniomba, dada yangu mkubwa aliyenibeba mgongoni. Akasema daktari alishawaambia kwamba mishipa ya macho inakufa na haifufuki, na zile siku mbili walikuwa hospitali. Kilichobaki ni mwanga tu, na weupe. Watu hawezi kuwaona, lakini maji yakianguka kwenye maporomoko ya tatu, anauona ule weupe wake.

"Ndiyo kinachomtoa kitandani," alisema. "Akifukuzwa kule atakaa kwenye kiti hicho hapo aangalie nini, mdogo wangu? Nakuomba, iwe siri yetu."

Nikamwambia siri iko salama. Na kweli sikumwambia mtu. Nilifanya jambo baya zaidi.

Siku ya Ngazi kupanda na meneja, niliwahi. Nilichukua benchi la ofisini, lile fupi la kuvalia viatu, nikalibeba mgongoni hadi juu ya maporomoko ya pili, mahali penye tambarare, nikaliweka katikati ya njia, nikangoja kando. Nilijiambia ni mzaha. Pale hakuna genge la kuangukia, hakuna mawe makali, mtu mwenye macho angelizunguka au angelikalia. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini methali huwa zinatukumbuka baadaye.

Alikuja akihesabu kimoyomoyo, akiwa anamweleza meneja aliyekuwa nyuma yake habari za ndege fulani anayejenga kiota nyuma ya maji. Alikwenda moja kwa moja, kifua mbele, kama mtu anayeingia sebuleni kwake. Benchi lilimkata magoti. Alianguka kifudifudi, na mgeni mmoja akacheka akidhani ni sehemu ya maonyesho. Alipoinua uso meno mawili ya mbele hayakuwepo. Hakulia. Alipapasa benchi, akapitisha vidole kwenye ile miguu yake minne, pole pole, akalitambua.

"Hili ni la ofisini," alisema.



Ofisini meneja alifunga mlango, na sisi tukabaki dirishani kama nzi. Alimuuliza ni tangu lini. Ngazi akasema mwaka wa pili. Nikangoja kusikia neno la kufukuzwa. Badala yake meneja akafungua kitabu cha wageni, akakisoma kwa sauti yake ndogo. Wageni wa siku ile walikuwa wameandika wote. Wanataka kurudi. Wanataka kuja na ndugu zao wapande na yule mzee kipofu anayeujua mto kwa miguu.

Basi hakufukuzwa. Walitengeneza kibao kipya getini chenye picha yake. Uongozi nilipewa mimi, na nilipofika kwao na habari hizo dada alinipongeza, kwa sababu hakuwa anajua habari ya benchi, na hadi leo hajui.

Wageni walifurika. Lakini mwezi wa pili tangu kibao kiwekwe alikuja bwana mmoja mwenye kamera kubwa akalalamika kwa meneja kwamba amedanganywa. Yule mzee si kipofu. Amemwona kwa macho yake akisimama mbele ya maporomoko ya tatu, ameyakodolea, anatabasamu.

Meneja akamwita Ngazi, nami nikiwepo. Ngazi hajui kusema uongo mara mbili. "Mama, ni kweli. Naona weupe. Pale tu, maji yakishuka. Kwingine kote ni giza."

"Weupe huo unatuharibia," alisema meneja, na wala hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayezungumzia bomba linalovuja. "Vaa kitambaa. Watu waridhike."

"Mama, nipunguzie chochote kingine."

"Kitambaa, au ukapumzike nyumbani."

Kitambaa alikishona dada yangu, kutoka kwenye bitana nyeusi ya koti la harusi la mumewe mwenyewe. Alikishona mara mbili ili mwanga usipite, kwa kuwa meneja alikijaribu kile cha kwanza dirishani akakirudisha. Na kazi ya kukifunga kila asubuhi getini ilikuwa yangu, kiongozi wa waongozaji. Aliniinamia, mrefu yule, nikafunga fundo kisogoni.

Kwenye maporomoko ya tatu wageni hupiga picha, hula walichobeba, kisha huteremka na mwongozaji mwingine. Ngazi hubaki nyuma nami. Siku ya kwanza aliniuliza, "Shemeji, tuko wenyewe? Kifungue kidogo."

Tulikuwa wenyewe. Nikasema, "Bado wapo, shemeji."

Sijui kwa nini. Kama ni kwa kumwogopa meneja, meneja alikuwa chini akinywa chai. Nadhani sikutaka anigeukie na macho yale, yakiwa na furaha, akaniambia asante. Siku ya pili aliuliza tena, nikajibu vile vile. Aliuliza miezi mitano, kila siku ya kazi, kwa adabu ile ile, na kila siku nilimwekea wageni pale ambapo hapakuwa na mtu. Dada alisema mumewe anakivua jioni nyumbani, taa zikiwa zimezimwa tayari, anaingia kulala. Hazungumzi sana siku hizi.

Wiki iliyopita mvua ilinyesha milimani na maporomoko ya tatu yakashuka kwa fujo. Yalikuwa meupe hivi kwamba mimi mwenyewe nilifinya macho. Wageni waliteremka mapema wakihofia njia. Ngazi alisimama, rasharasha zinamlowesha uso hadi ukafa ganzi, na safari hii hakuuliza kitu. Hilo ndilo lililonishinda. Nikaenda nyuma yake nikafungua fundo.

"Wameondoka, shemeji," nilisema. "Angalia sasa. Leo yamejaa."

Alinyoosha shingo. Akatabasamu kwa pengo lile nililompa. Akageuza uso kuelekea kwenye kelele ya maji, akangoja, akausogeza kidogo kushoto, akangoja tena.

"Haya basi," alisema, "kifungue."

Kilikuwa mkononi mwangu, kimelowa.

"Shemeji? Fungua, kabla hawajarudi."

Macho yake yalikuwa wazi kabisa, yameelekea pale penyewe, maji yanayapiga na hayapepesi. Nilitazama bonde lote, miti, njia tupu inayoshuka, vile vidato vyake.

"Fundo limekaza," nilimwambia. "Halafu naona wageni wengine wanapanda."

"Aa, basi tuache," alisema. "Kesho."

Nikamwambia ainame nikiweke sawa. Aliniinamia bila kujua anainamia nini, nami nikamfunga.