Nondo Iliyovishwa Tyubu

Mpaka leo, fundi akiangusha nondo hapa mtaa wa Dengfeng, Guangzhou, mimi husimama. Nikisikia ule mlio, ngaa, wa chuma juu ya chuma, papo hapo nakuwa na miaka saba, Jumapili baada ya ibada, sina meno ya mbele, nguo zangu zinanuka maboksi mapya.

Baba yangu alikuwa mrusha viatu vya farasi. Chekeni tu, kila mtu alicheka. Ujanani alitunza farasi kwenye shamba moja kule chini ya Kilimanjaro, na watunzaji wenzake wakamfundisha mchezo: unachomeka nondo ardhini, unasimama mbali, unarusha kiatu cha chuma kiizunguke. Alipokuja Guangzhou kununua nguo za kupeleka nyumbani, wenzake walibeba dagaa na unga. Yeye alibeba viatu vya farasi, na forodhani wakamwuliza farasi mwenyewe yuko wapi.

Nyuma ya jengo letu palikuwa na kiwanja kitupu. Hapo ndipo alipoufundisha mtaa mzima, Watanzania, Wakenya, na Wakongo waliobishana kwa Kifaransa hadi alama zikasahaulika. Akina mama waliposema ni mbali, akawasogezea karibu mstari wa kurushia. Sisi watoto akatusogezea zaidi. Wazoefu wakanung'unika kwamba anauharibu mchezo.

"Mchezo wa watu watatu si mchezo," aliwaambia. "Hicho ni kikao."

Lakini alichokipenda kuliko vyote ni ule mlio. Kiatu kikiingia, nondo ililia, na Baba alikuwa ameshageuka kwa maringo kabla hakijatulia. Alitamba kwamba haangalii, masikio yanamtosha.

Kumbe hakuwa peke yake anayesikia. Ghorofa ya pili aliishi mama mmoja wa Kichina tuliyemwita Ayi, kwa lugha yao ni kama mama mdogo. Mumewe alikuwa mgonjwa, na alihitaji kulala mchana. Jumapili moja Ayi akashuka na mlinzi wa jengo. Mlinzi akasema ngaa moja tu tena, kiwanja kinapigwa kufuli. Nililia sana. Nyumbani kwetu hata kitanda kilizungukwa na mizigo. Sisi watoto hatukuwa na uwanja mwingine.

Baba hakubishana. Alipeleka kiatu kimoja kiwandani kama sampuli, atengenezewe cha mpira. Guangzhou sampuli haikosi mtu wa kuiiga, wakamtengenezea kizuri ajabu. Alipokirusha kiliruka hadi kwenye nguo za watu zilizoanikwa. Tukacheka, yeye hakucheka.

Kisha akaifunga nondo yenyewe, kama alivyofunga marobota ya kwenda bandarini Huangpu: tyubu kuukuu ya baiskeli, kamba, mfuko wa sandarusi, halafu soltepu tabaka juu ya tabaka. Akarusha. Kimya. Akabaki amesimama, hajui ageuke au asigeuke.

"Kimeingia?" akaniuliza.

"Kimeingia, Baba."

Ikawa sheria ya kiwanja: aliye karibu na nondo ndiye anayesema, "Kimeingia." Kufuli halikuja. Mumewe alipopata nafuu, Ayi alianza kushuka na kigoda chake kutazama, na neno lake la kwanza la Kiswahili likawa hilo.

Utotoni niliona Baba amemshinda mlinzi, basi, nikajivuna shuleni. Nimekuwa mtu mzima, nina ofisi yangu ya kusafirisha mizigo, ndipo nikaelewa. Macho yake sasa yamefifia, nondo haioni. Jumapili iliyopita nilimwambia tuivue ile tyubu, angalau asikie.

"Kuna watu wamelala juu," alisema.

Nikamkabidhi kiatu. Ule mlio ndio uliokuwa furaha yake yote, na alikuwa ameutoa ili sisi tupate pa kuchezea, wala hakuwahi kututajia. Najivunia mzee huyu kuliko ninavyoweza kuwaeleza.

Akarusha. Akainamisha kichwa kusikiliza. Pale kwenye kigoda Ayi, mzee kama yeye sasa, akasema kwa lafudhi yake, "Kimeingia."

Baba alikuwa ameshageuka.