Kamba ya Nguchiro

Harufu ya dawa ya pamba hukaa puani kuliko harufu yoyote niijuayo. Hadi leo nikipita mbele ya duka la pembejeo hapa mjini Bariadi, mara moja niko kijijini kwetu Migato, nina miaka tisa, nimeshika kamba. Upande wa pili wa kamba alikuwa nguchiro. Wenzangu walifuga mbwa au njiwa; mimi nilifuga mnyama ambaye kila mwenye kuku kijijini alitamani kumwona amekufa.

Baba alimkuta msimu wa kung'oa na kuchoma mabua ya pamba, kitoto kisichojaza kiganja, mama yake amekimbia moto. Alimleta nyumbani ndani ya kofia. Tulimwita Karani, kwa sababu kila aliposimama kwa miguu miwili na kunyoosha shingo alifanana na karani wa kupima pamba, yule mfupi aliyechungulia mizani kana kwamba kilo zitamtoroka. Alinuka mkojo, aliiba mayai, na akinisikia narudi kutoka shuleni alilia kwa sauti nyembamba ya kifaranga. Nilimpenda kupita kiasi, na sioni haya kusema.

Shida ilikuwa kumtoa nje. Akifungiwa ndani alichimba sakafu ya udongo, mpaka mayu, yaani mama yangu, akaapa kumrudisha porini. Ndipo baba alipokata shati kuukuu akamshonea mshipi wa kupita kifuani na nyuma ya miguu ya mbele, maana nguchiro ukimfunga kamba shingoni, atajinyonga au atachomoka. Kisha akanipa masharti, akiyahesabu kwa vidole vilivyopasuka. Nisimtoe mwewe akiwa angani. Nisipite kwa Mama Kulwa, jirani yetu mwenye kuku. Nikiona mbwa, nimbebe. Asitie kichwa kwenye shimo nisilolijua. Na siku ya dawa, nisikanyage shambani. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami sikutaka kuvunjika, niliyashika yote.

Siku yenyewe pamba ilikuwa imeanza kutoa maua. Asubuhi baba alibeba bomba mgongoni akapulizia shamba zima, akachomeka tawi bichi ukingoni ili wachuma mlenda wajue pana sumu. Alasiri nikamtoa Karani. Tawi nililiona, nikabaki njiani, tena nikajisifu moyoni kwa utii wangu. Mwewe hakuwepo, wala mbwa. Na Karani, ambaye siku nyingine alihangaika weee kumpata panzi mmoja, siku hiyo aliwapata kwa urahisi wa ajabu. Walikuwa wakitambaa kutoka shambani hadi njiani, hawaruki. Nilifurahi. Nilichuchumaa nikaanza kumwokotea mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, nikamlisha mkononi, naye akitafuna huku macho ameyafumba nusu.

Jua halijashuka sana, alianza kutoa mate. Miguu ya nyuma ikalegea, mwili ukawa unatetemeka. Mayu alimnywesha maziwa kwa kijiko, kwa kuwa kwetu kila sumu dawa yake ni maziwa, lakini yalimwagika yote pembeni mwa mdomo. Baba alinipakia nyuma ya baiskeli, kikapu mapajani, tukaenda kwa bwana mifugo. Yule bwana, mtu mpole, alifungua sanduku lake, akatazama chupa zake, akalifunga.

"Angekuwa ndama ningejua nimpe kiasi gani," alimwambia baba. "Huyu simjui."

Baba alisimama pale, kofia mkononi. Nilikuwa nimemwona akigeuza ndama tumboni mwa ng'ombe na akiua swila kwa jembe. Sikuwahi kumwona hana la kufanya. Nilimvuta shati nikamwambia afanye kitu. Akavaa kofia, akageuza baiskeli. Karani alifia njiani, mapajani mwangu, kamba bado imefungwa kwenye kifundo cha mkono wangu.

Tulipofika, kabla ya yote, baba alinipeleka kwenye mtungi, akaninusa viganja, akaninawisha mikono kwa sabuni ya mche hadi kwenye viwiko, akasuuza, akarudia, akarudia tena. Nilidhani ni kwa sababu nimeshika mzoga. Kisha akamwambia mayu, "Dawa ni yangu. Nimemuua mimi."

Leo nina binti, na binti ana paka mdogo anayetembezwa kwa kamba. Mji umejaa bodaboda, na masharti yangu ni marefu kuliko ya baba. Mwezi uliopita baba alikuja kutibiwa macho, akakaa barazani akinisikiliza nikiyataja, maana likizo mtoto alitaka kwenda Migato na paka wake. Nilipomaliza, akamwita.

"Mjukuu wangu, ukiona panzi hawaruki, mrudishe paka ndani. Wala usimwokotee."

Nilikuwa nimesimama na beseni na birika la maji ya kunawa. Sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba niliokota. Miaka yote hii nilidhani namficha baba, kumbe alijua tangu jioni ile kwenye mtungi, na bado alisema amemuua yeye. Baba akanyoosha mikono yake juu ya beseni, akingoja maji, nami nikammiminia.