Mafungu Mawili ya Manjano

Bi Mbeyu wa Milalani, karibu na Msambweni, alijulikana kwa manjano yake. Mwanamke akijifungua, jamaa walituma mtu kwake kununua manjano mabichi ya kutia kwenye maziwa, na tangawizi ya uji wa mzazi.

Masika yaliyopita mvua zilizidi, mizizi ikaanza kuoza ardhini. Akanunua dawa ya ukungu, akaimwaga mashinani, na kuoza kukakoma. Alimshukuru Mungu. Siku tisa baadaye akachimba, maana binti yake Mwanasha alikuwa amejifungua.

Wiki moja ikapita. Chengo, afisa wa kilimo, akafika shambani na kuiona chupa tupu.

"Shikamoo, Bi Mbeyu. Hii ulimwaga lini?"

"Marahaba, mwanangu. Yapata wiki mbili."

"Na kuvuna?"

"Wiki iliyopita."

Chengo akamwonyesha maandishi madogo. "Wameandika usubiri siku arubaini. Dawa hii huvunjika polepole, na udongoni hukawia zaidi. Mzizi nao umo humo humo udongoni."

Bi Mbeyu hakuaga. Alikimbia hadi nyumbani, jembe lingali mkononi. Mwanasha alikuwa ameketi mkekani, kikombe mdomoni. Bi Mbeyu akakipiga kofi, maziwa ya manjano yakamwagika.

"Mama! Kuna nini?"

"Umekunywa siku ngapi?"

"Sita. Si wewe ulinipa?"

Kichanga kilikuwa kimelala. Bi Mbeyu aliweka kiganja kifuani mwa mtoto, asihisi kitu. Akakifinya unyayo. Kilipolia, naye akalia.

Hospitalini daktari aliwapima wote wawili, asione ubaya. "Aache kunywa. Mrudi baada ya wiki."

"Kwa hivyo hawana kitu?"

"Siwezi kuapa, mama. Tutawaangalia."

Kutoka hapo Bi Mbeyu alikwenda Kombani, kwa Twaiba, mchuuzi wa sokoni aliyepelekewa manjano yaliyobaki ya mavuno yale. Mbele ya wateja alisema yote bila kuficha. Twaiba akayazoa yaliyobaki na kuyatia guniani.

"Lakini mafungu mawili yameshakwenda, dada. Jana."

"Kwa nani?"

"Mama mmoja, simjui. Alisema mkwewe amejifungua."

Chengo alipeleka mizizi na udongo kupimwa. Majibu yalikuja: dawa kwenye mizizi ilipita kiwango kinachoruhusiwa. Miezi mitatu baadaye udongo ulipimwa tena, dawa ikaonekana imepungua sana, lakini haijaisha. Bi Mbeyu aliliacha shamba lilale.

Mwanasha ni mzima, na mtoto anakaa mwenyewe sasa. Hata hivyo, kila siku ya soko Bi Mbeyu hupanda hadi Kombani bila kitu cha kuuza.

"Hajarudi yule mama?"

"Hajarudi."

"Hukumsikia akitaja kwao?"

"Nimeshakwambia, dada. Alishika njia ya Kwale, basi."

Bi Mbeyu huketi kando ya meza ya Twaiba, akiwatazama wanawake wapitao, hasa wale waliobeba watoto.