Ulimi Wangu Ulichelewa Kurudi Nyumbani

Nakumbuka mchana mmoja nyumbani kwa bibi yangu, Kisarawe, mwanangu. Alitenga ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi kwenye sinia, akaweka maji ya kunawa, akaniita kwa utani wake wa kila siku: "Mume wangu, njoo tule." Nilikuwa kwenye kochi, mkononi soda ya baridi, mapajani pakiti ya krispi. Nikamjibu, "Nitakula baadaye, Bibi." Akafunika sinia kwa kawa, akakaa pembeni yake kwenye mkeka, akanyoosha miguu. Sikujua kwamba alikuwa ananisubiri.

Kwanza ujue unazungumza na nani. Ukifika Kibaha, pale Pangani, ulizia fundi wa mafriji. Watakuelekeza kwangu kabla hujamaliza swali. Nyumba nimejenga mwenyewe, karakana ni yangu, na diploma iliyoko ukutani sikuazima kwa mtu. Nilikwenda Afrika Kusini nikiwa kijana nisiye na kitu, nikasugua masufuria kwenye mkahawa wa kuku wa kukaanga, jioni nikaingia darasani, mpaka nikawa fundi mwenye cheti. Najisifu, ndiyo. Nimeifanyia kazi, niache nijisifu.

Ila mkahawa ule ndio ulionilisha pia. Muda wote ule nilikula mabaki yake: kuku wa mafuta, chipsi, soda badala ya maji. Niliporudi nilileta friji kubwa jeupe, nikaliweka sebuleni kwa Bibi, nikalijaza soseji, chokoleti na soda nilizonunua Maili Moja. Majirani walikuja kulitazama. Bibi alilizunguka, akaligusa, akashika kiuno.

"Kumbe huyu ndiye mke mwenzangu? Mnene hivi, halafu wa baridi! Utalala naye vipi, mume wangu?"

Tukacheka wote. Wewe unajua bibi na mjukuu wanavyotaniana kwetu.

Lakini hamu ile haikuwa ya mchezo. Nilikuwa naamka naiwaza soda kabla sijanawa uso. Saa ya chakula ikifika, tumbo limejaa gesi na sukari, na kisamvu nikikiweka mdomoni ni kama natafuna karatasi iliyolowa. Basi kila siku ikawa "nitakula baadaye," na kila siku Bibi akafunika sinia. Jioni nalikuta tupu, naamini amekula.

Siku moja alikuja Shangazi Mwajuma, binti yake Bibi, anayekaa Dutumi. Alitukuta uani, Bibi anatwanga kisamvu. Hata salamu hazijaisha, mchi ukamponyoka Bibi, akateremka polepole mpaka chini, amekumbatia kinu. Nilimbeba ndani. Alikuwa mwepesi, mwanangu, mwepesi kama kanga zilizotoka kuanuliwa. Shangazi alikaa naye chumbani, akamnywesha uji, kisha akatoka na kunikabili.

"Mama anakula saa ngapi humu ndani?"

"Anakula, Shangazi. Sinia hubaki tupu kila jioni."

"Linabaki tupu kwa sababu anawaita watoto wa jirani. Yeye anakunywa chai, analala. Nimemuuliza, ananiambia mume wake hajala, yeye atakulaje?"

Niliingia chumbani. "Bibi, si tunataniana?"

Alinitazama bila kutabasamu. "Maneno ndiyo utani. Sinia si utani. Tangu babu yako afariki nimekula peke yangu kama paka. Uliporudi nikasema, haya, nimepata wa kula naye. Kumbe wewe unakula na friji."

Siku ileile nililifungua friji nikatoa kila kilichokuwemo. Soseji nikawapa mbwa. Soda nikazimwaga uani, na Bibi, ambaye hakuwa na nguvu hata ya kusimama, akapaza sauti kutoka kitandani: "Mwaga mbali na kuku wangu, wasije wakaniomba na krispi!"

Kisha tukakaa kwenye sinia. Alimega tonge, akachovya, akalishika tu. Nilipomeza langu, naye akameza lake. Nikisita, mkono wake unasimama hewani. Kichwa kilikuwa kinagonga, jasho linanitoka, mwili mzima unadai soda, na mbele yangu ule mkono mkavu wa kikongwe unanisubiri. Nimefungua mashine nyingi maishani, na kila moja najua kinachoisukuma. Kilichokuwa kinausimamisha mkono ule mpaka leo sijakijua. Niliutazama kama mtu anayetazama mlima kwa mara ya kwanza, nikameza tena, naye akala.

Tukaenda hivyo, siku mbaya na siku nafuu. Kuna siku nilifika mpaka mlangoni mwa duka, nikaukumbuka mkono, nikarudi. Mashavu ya Bibi yakaanza kujaa. Mimi bado nilikuwa natafuna karatasi yangu.

Halafu asubuhi moja alinitengea muhogo wa kuchemsha na chai. Nikauma. Nikaacha kutafuna.

"Bibi, leo umetia sukari kwenye muhogo?"

Alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Sukari ya nini? Muhogo ni uleule wa jana na juzi! Ni ulimi wako, mume wangu. Wewe ulirudi kitambo, wenyewe ndio kwanza leo umeshuka kwenye basi."

Nikauma tena, polepole. Utamu ulikuwa mle ndani, mdogo, safi, na nyuma yake harufu ya udongo wa shamba. Mchana nikaisikia nazi ndani ya kisamvu, nikausikia na uchungu wa mchunga, ile mboga ya porini aliyoitenga pembeni, nao nikaupenda. Vyote hivyo vilikuwa mbele yangu siku zote chini ya kawa, na mimi nilikuwa sivioni. Bibi aliushika mchi wake tena, akaja kuwatwangia kisamvu mpaka watoto wangu nilipooa na kuwapata.

Sasa nikienda kupokea wageni stesheni ya Soga nawaona ninyi vijana mkishuka kwenye treni, chupa mkono huu, pakiti mkono ule. Sikucheki, mwanangu. Naijua hamu hiyo, na ninayekwambia haya niliishinda. Vitu hivyo usiviweke ndani ya nyumba, kwa sababu usiku na mchana vitakuita. Njoo kwenye chakula ukiwa na njaa. Kichwa kitakuuma, nacho chakula cha nyumbani utakiona hakina ladha. Usikilaumu, ulimi wako bado uko safarini, usubiri. Na usipambane peke yako. Mtafute mtu mkae sinia moja, ambaye usipomega naye hamegi. Mimi, pamoja na diploma yangu yote, bila yule kikongwe nisingeweza.

Mungu akupe njaa ya kweli, mwanangu, akurudishie ulimi wako ukiwa mzima, na chakula kikitengwa, akujalie mtu wa kukusubiri, nawe usimcheleweshe.