Nyama Iliyoanguka kwa Mwewe

Dada yangu mdogo alikufa kwenye mkeka wa nyanya, saa ya chai ya asubuhi, mgongo umepinda na meno yameumana, na huko nje mwewe walikuwa wakianguka kutoka mikalitusini, pu, pu, kama matambara yaliyolowa. Mimi nilikuwa kando yake natapika. Nilipona kwa sababu nilikula kidogo. Kipande kikubwa kilikuwa chake, maana ndiye aliyekidaka.

Nisingeyaandika haya. Shule niliachia darasa la tatu na mkono wangu ni mzito. Lakini mwezi jana nilienda mazishi Elburgon, na huko nikaambiwa neno ambalo halijaniacha nilale. Wacha nianzie nyuma, ndipo ulielewe.

Wewe uliyekulia Nakuru miaka ile ya hamsini utaikumbuka lokesheni yetu. Vyumba vya mstari mmoja, mlango kwa mlango, mfereji mmoja wa maji mwishoni. Upepo ukitoka ziwani ulileta vumbi jeupe la magadi, hata uji ukawa na ladha yake. Nyuma yetu kulikuwa na kichinjio, na katikati mikalitusi mirefu iliyojaa viota vya mwewe. Waliamka kabla ya king'ora cha reli, wakilia ile sauti yao ya kutetemeka, kama mtoto mchanga aliyesahauliwa.

Baba alikuwa kizuizini, wakati ule wa Hali ya Hatari. Mama alichuma pareto kule Molo, shambani kwa mzungu, na bila pasi ya serikali ya kusafiria hakuweza kuja. Tulibaki sisi wawili na nyanya, mkunga wa mstari mzima. Tulikula githeri, mahindi na maharagwe, Jumatatu, na githeri Jumapili. Nyama tuliijua kwa pua.

Ila tulikuwa na mwewe. Mwewe alishuka kichinjioni, akanyakua kipande, akapanda nacho. Mwenzake akamfukuza, wakagombana huko juu, na nyama ikaponyoka. Ikianguka ni ya aliyeigusa kwanza. Hata wakubwa waliiheshimu sheria hiyo. Tulisimama chini tukiwachochea, "Mpokonye! Mpokonye!" utadhani ni mpira. Nyanya aliiosha kwa maji ya chumvi, akaichoma kwenye makaa, na moshi wake ulinijaza kabla sijatia kitu mdomoni. "Cha angani hakina mwenyewe," alisema.

Mahasimu wetu walikuwa watoto wa mama jirani, mlango uliofuata wetu. Binti yake mkubwa alikuwa na miguu mirefu, na mdomo mrefu kuliko miguu.

"Nyinyi watu wa githeri," alitucheka, "mikono imezoea mahindi, nyama itawateleza!"

Dada yangu, mdogo vile, akamrudishia, "Nawe utatazama juu hivyo hivyo mpaka mwewe akunyee!"

Watu walicheka mpaka mferejini. Jioni tuliazimana chumvi kama kawaida. Mama jirani aliingia kwetu bila kubisha. Watoto wake wote nyanya ndiye aliyewapokea duniani kwa mikono yake. Halafu askari wakamwuliza mume wake, mbona mkeo haondoki nyumba ya mtu wa kizuizini? Tangu siku hiyo mama jirani akawa anatusalimia kwa mbali.

Mume huyo alikuwa nyapara wa usafi. Bwana afya alipochoka na mwewe kuchafua nyama, alitoa amri wauawe. Nyapara akachanganya dawa ile ya kuulia mbwa, mchinjaji akakata vipande na kuvitandaza juu ya paa la kichinjio. Wote watatu walituona kila siku chini ya ile miti. Wote watatu nawataja.

Asubuhi hiyo hapakuwa na mtoto mwingine. Binti wa jirani alichungulia dirishani.

"Toka basi, mwoga!" dada yangu akamwita. "Au leo miguu imefupika?"

Mkono ukamvuta ndani. Sisi tukafurahi, uwanja leo ni wetu! Kipande cha kwanza kuanguka dada alikidaka kwa gauni. Tulipokuwa tunakipeleka nyumbani, mama jirani akapita na ndoo yake akitoka mferejini. Aliiona nyama. Akasema, "Mmeamka mapema leo, watoto wangu." Akaenda zake. Nyanya akaiosha na kuichoma kama kawaida, akatuachia sisi yote.

Baada ya mazishi ya dada watu walikusanyika kuuliza. Nyapara akasema alimtuma mke wake mlango kwa mlango kuwaonya. Kila mama akakubali: ni kweli, tulionywa. Mama jirani akamtazama nyanya usoni, akasema, "Nawe nilikuambia, mama. Labda ulisahau." Nyanya alisema hakuambiwa. Nani angemsadiki, mwanamke mzee, mwanawe yuko kizuizini? Hakuitwa tena kuzalisha mtu. Alikufa akiitwa mkunga aliyeua mjukuu, na mama yangu mwenyewe hakumsamehe.

Huko Elburgon tulikuwa tunamzika nyapara. Binti yake, sasa ni mama mzima, alinivuta nyuma ya jikoni.

"Dada, siku ile nilikuwa na mama akibisha milango," alisema. "Alipofika kwenu aliinua mkono, akaushusha. Nikamwuliza, na kwa nyanya je? Akaniambia, funga mdomo."

Mikalitusi ilikatwa zamani. Mwewe walirudi, wanazunguka juu ya soko, lakini sioni mtoto anayewapigia kelele. Ile sauti yao ya asubuhi siwezi tena kuisikia bila kufunga dirisha.

Sasa, mama jirani, nasema na wewe. Ungali hai. Nilikuona umekaa mbele kwa kitambaa cheupe cha kanisa, na ulinipa mkono. Uoga wa mlangoni naweza kuuelewa. Askari walikuwa wanaangalia. Lakini pale njiani tulikuwa watoto wawili tu, na wewe, na ndoo. Ungeipiga tu ile nyama ikaanguka vumbini. Hakuna aliyekuwa akikutazama. Ulituita watoto wako, ukatupisha. Simama basi mbele ya watu, kama ulivyosimama siku ile, useme nyanya hakuambiwa. Kisha unijibu mimi: kwa nini?